Sahani ya Bi Umulkheir

Ukitaka kumwudhi Bi Umulkheir, nenda kwake kujifunza Kiswahili huku umebeba daftari. Atakutazama usoni, atalitazama daftari, kisha atakuambia uliweke pale dakani, nje ya mlango, pamoja na viatu.

"Hilo litakungoya," atasema. "Halina haraka."

Ndivyo alivyofundisha kwa miaka ishirini na miwili, katika nyumba yake ya Mkomani, mji wa Amu, kichochoro cha pili nyuma ya msikiti. Ualimu hakuusomea. Alihitimu chuo cha Qur'ani, akasoma shule hadi darasa la saba, akaolewa na Abdulhadi, karani wa posta, mtu mpole mwenye miwani mizito, na Mungu hakuwajaalia mtoto. Kazi yenyewe ilimfuata nyumbani. Mke wa daktari mmoja wa bara alipanga ghorofa ya juu, na kila asubuhi alirudi kutoka sokoni analia kwa sababu wauza samaki walimcheka. Kiswahili alikuwa nacho, cha shule, tena cha alama za juu. Lakini Kiswahili cha mtihani hakijui kumjulia hali mgonjwa, hakijui kukataa bei bila kumvunjia mtu heshima, wala hakijui wapi pa kunyamaza. Bi Umulkheir akamwonea huruma, akamwita jikoni, akampa sahani.

Sahani hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Mwanafunzi akija siku ya kwanza, hata kabla hajajua akae wapi, anakabidhiwa vitumbua vitatu au kipande cha mkate wa sinia, juu kimefunikwa kawa ya ukili, anaambiwa apeleke nyumba ya mkabala kwa Bi Rania. Afike, abishe hodi, asalimu, aulize wa ndani, aulizwe wake, akabidhi, apewe majibu, arudi nayo. Akirudi asimulie kila kitu, neno kwa neno. Bi Rania, ambaye Mungu alimpa ulimi na wasaa wa kuutumia, alijua wajibu wake. Alikuwa akimweka mgeni mlangoni robo saa, anamwuliza habari za mama yake, za mvua ya kwao, za kwa nini hajaoa. Na sahani ilikuwa haitoki kwake tupu. Mara ndimu mbili, mara kikonyo cha asumini, siku ambayo hana kitu basi chumvi iliyofungwa kwenye kijikaratasi. Amu yote ni hivyo, na anayeregesha sahani tupu huonekana hakulelewa.

Wauguzi walipita hapo, mahakimu walipita, hata padri mmoja alipita, na alipohamishwa alilia mbele ya Bi Rania bila haya. Usiulize walikuwa wakimlipa nini. Wengine walimletea kanga, wengine sukari, na wengine waliondoka na asante tu, naye hakuwahi kulisema.

Patroba alifika akiwa na miaka ishirini na tisa, kutoka bara upande wa ziwa. Alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Kituo kimoja kipya, kule bara ya Kililana, kilikuwa kimemwajiri atengeneze njia ya kuwafundisha wageni wanaokuja na kazi za bandari wazungumze na wenyeji. Alikuja na tabasamu na mkoba wa mgongoni.

"Madam, Kiswahili niko nayo," alisema. "Ni hii yenu ndiyo inanishinda."

"Kwani Kiswahili ni lugha yako ya ngapi?"

"Ya pili. Hapana, ya tatu. Kompyuta ndiyo ya pili."

Abdulhadi, aliyekuwa ameketi na redio yake kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba, alicheka mpaka miwani ikamshuka. Bi Umulkheir hakucheka. Alimpa sahani.

Patroba alivuka kichochoro, akaita, "Hodi, niko na delivery!" akamsukumia Bi Rania sahani, akarudi mbio. Hata chai haijapoa.

"Amekwambiani?" Bi Umulkheir alimwuliza.

"Amesema asante."

"Na mguu wa mumewe unaouma?"

"Sijauliza."

"Sahani i wapi?"

Patroba alijiangalia mikono. Siku hiyo alirudishwa kwa Bi Rania mara nne, na mara ya nne alikaa huko nusu saa, akarudi na sahani, ndimu, habari za mguu na jasho. Kuanzia hapo alikuja kila siku baada ya Alasiri. Alikuwa mgumu wa kushika lakini alikuwa na bidii, na tusimnyime haki yake. Mwezi wa pili aliacha kusema madam, akasema mama. Mwezi wa tatu Bi Umulkheir, bila kukusudia, alimwita mwanangu. Kati ya wanafunzi wake wote hakuwahi kumwita mtu hivyo. Abdulhadi alisikia, akazima redio kidogo, kisha akaiwasha tena.

Hata neno amana alimfundisha kwa mkono. Mume na mke walialikwa harusi Pate, siku tatu, wakamwachia Patroba funguo za nyumba. "Hizi ni amana," Bi Umulkheir alimwambia, na hakuongeza maelezo. Waliporudi waliukuta mlango umefungwa vilevile, na Patroba akazitoa funguo ndani ya leso safi aliyoikunja mara nne. Hakuwa ameingia hata kuchota maji. Bi Umulkheir alimwambia mumewe kijana amelijua neno.

Ni mwezi wa sita Patroba alipoomba kurekodi. Alisema akirudi chumbani kwake, maneno anayo, lakini ile sauti inayoyabeba inampotea. Angeweza kumrekodi mama kwenye simu, asikilize akiwa peke yake?

Bi Umulkheir alimtazama mumewe. Katika nyumba kama zile sauti ya mwanamke haitumwi barabarani. Yeye mwenyewe alipopita sokoni alizungumza kwa kunong'ona, na harusini hakuimba ila mahali penye wanawake watupu.

"Sauti ya mke wangu ni ya nyumba hini, bwana," Abdulhadi alisema. "Ikitoka nde, imetoka."

"Haitatoka, mzee. Ni ya masikio yangu peke yangu." Patroba aliweka mkono kifuani. "Ni amana."

Yeye mwenyewe ndiye aliyelitamka neno hilo. Hakuna aliyemlazimisha. Abdulhadi akaitikia kwa kichwa, na Bi Umulkheir akaanza kurekodi: salamu, sokoni, kumwulizia mgonjwa, kukataa bila kuudhi. Alirekodi hata kisa cha funguo na safari ya Pate, maana Patroba alikipenda.

Miezi mitatu baadaye Abdulhadi alifariki, asubuhi, akiwa amekaa. Patroba hakuwa Mwislamu wala hakujifanya. Alibeba mabenchi ya waombolezaji, akasimama kando wakati wa kusaliwa, akachota maji siku tatu bila kuombwa. Watu wa mtaa waliona. Bi Umulkheir, ambaye alikuwa ndani na wanawake, aliambiwa, na moyo wake ukamfungukia yule kijana kabisa.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Wanafunzi wakasimama, naye Patroba pia. Nyumba ile, iliyozoea hodi kila saa, ikanyamaza mpaka akawa anasikia bomba linalovuja. Wiki ya tatu Bi Rania alivuka kichochoro akiwa na kinasa sauti kidogo, kimefunikwa kwenye sahani.

"Mwanao amekipeka," alisema. "Asema kama waweza, umfunde tunavyopeyana pole. Asema hakuyua la kusema siku ya msiba, aliona haya."

Jambo hilo lilimfariji Bi Umulkheir kuliko hitima zote alizosomewa. Basi kuna mtu bado anamhitaji. Akakaa chumba cha ndani kabisa, pasipofika mgeni, akakiwasha kile kinasa. Alimfundisha namna ya kutoa pole, na mjane anavyojibu, na wakati gani mtu asiseme chochote. Kila wiki kinasa kilikwenda na kurudi juu ya sahani. Siku ya arubaini alizungumza jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata Bi Rania. Asubuhi ile ya mwisho Abdulhadi aliomba chai, naye alikuwa amemkasirikia kwa ajili ya bomba ambalo hajalitengeneza, akamjibu, "Jitilie mwenyewe." Ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mumewe wa ndoa ya miaka thelathini na moja. Alipofika hapo sauti ilimkatika. Akapumua, akasema kwenye kinasa, "Hapa usirudie, mwanangu. Hapa nisikize tu."

Eda ikaisha. Akaoga, akajifukiza, akafungua mlango, akakanda unga wa vitumbua. Hakuja mtu. Kwa wiki mbili haikuja hodi hata moja. Muuguzi mmoja mpya, Edah Bochaberi, alikuwa ameshatuma mtu kumwombea nafasi kabla ya msiba, naye hakutokea. Bi Umulkheir alidhani watu wanamwonea haya kwa ajili ya ujane. Patroba alikuwa akituma salamu kwa simu, kazi nyingi, mama, nitakuja.

Mwezi uliofuata alikwenda zahanati kupimwa presha. Muuguzi aliyemwita kwa namba ya foleni alikuwa msichana mrefu wa Kisii, na alipomsalimu, Bi Umulkheir alishtuka. Salamu ilikuwa nzuri mno. Alisalimu kwanza, akauliza wa nyumbani, akangoja, akauliza usingizi, akamalizia na kile kiguno kidogo cha kukubali ambacho Bi Umulkheir alikijua vizuri kwa sababu ni chake.

"Umefundwa na nani, binti?"

"Na kompyuta, mama," Edah alicheka. Wala hakujua anazungumza na nani. "Ni ya kile kituo cha bandari. Wacha nikuonyeshe, wazee hawaamini."

Akatoa tableti mfukoni mwa koti. Kitu cha kwanza Bi Umulkheir alichokiona kwenye kioo ni sahani iliyofunikwa kawa. Programu yenyewe inaitwa Sahani. Mwanafunzi anapewa sahani, anaipeleka mlango wa pili, mwanamke anatokea na kumchelewesha kwa maswali, na asipouliza mguu wa mumewe anarudishwa. Akifaulu, sahani inarudi na ndimu. Yote aliyoyajenga jikoni kwake kwa miaka ishirini na miwili yalikuwa pale, yamepangwa kwa namba.

"Mimi nimefika msiba," Edah alisema. "Somo la ishirini na sita. Hili liko sawa sana, sikiliza." Akabonyeza.

Sauti ya Bi Umulkheir ilitoka, ya eda, ya chumba cha ndani, katika ukumbi wenye watu kumi na wanne wanaongoja dawa. Wanaume saba katika hao. Ilisema habari ya chai. Ilisema habari ya bomba. Ikasema, "Jitilie mwenyewe," ikakatika, ikasema, "Hapa usirudie, mwanangu. Hapa nisikize tu." Kisha kengele ndogo ikalia, na maandishi ya kijani yakatokea: RUDIA.

Edah akarudia. Alirudia yote, pamoja na kule kukatika kwa sauti, na kompyuta ikampa nyota tatu.

Alipogeuka alimkuta mgonjwa wake ameinamisha uso ndani ya buibui. Hapo ndipo alipotambua. Maskini ya Mungu, alizima tableti kwa mikono miwili kama anaua moto. Aliomba radhi mpaka Bi Umulkheir akalazimika kumtuliza yeye.

"Yafaa?" Bi Umulkheir alimwuliza hatimaye. "Hiyo programu. Watu huyua kusema kwayo?"

Alitaka aambiwe haifai. Alitaka hilo tu, na angekuwa na cha kurudi nacho nyumbani. Lakini Edah alikuwa mkweli. Alisema amejaribu programu nyingine mbili, alisoma mwaka mzima akaishia kutaja matunda. Hii imemchukua wiki sita. Juzi aliletwa bibi mmoja wa Pate ambaye siku tano alikuwa akiwaambia wauguzi hajambo tu, hajambo, na yeye, Edah, alimwuliza kwa ule mzunguko alioufunzwa, akangoja pale pa kungoja, na bibi akafunua uvimbe aliokuwa ameuficha. "Amepelekwa kupasuliwa, mama. Ni wewe umemwokoa." Bi Umulkheir alirudi nyumbani bila kupimwa presha, na huenda ni afadhali, maana sijui chombo kingesema nini.

Kesho yake Bi Rania alikwenda kumwita Patroba. Alikuja, na sasa nyumba haikuwa na mwanamume, kwa hiyo aliketi dakani, Bi Umulkheir akakaa nyuma ya mlango ulio wazi nusu, Bi Rania kati yao na ulimi wake ukiwa umefungwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Nimekukoseani, Patroba?"

Patroba alitazama chini. Alisema hakukusudia. Kituo kilitaka programu, sauti za studio zilikuwa zimekauka, akaweka za mama kwa kujaribu tu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiacha baada ya wiki moja. Baada ya hapo wakawa wanafika mwisho, wanapimwa, wanafaulu. Wakubwa wakasema iachwe ilivyo.

"Inafanya kazi, mama. Watu elfu tatu wanajifunza. Wewe hapa ungefundisha wangapi?"

"Siulizi kama hufanya kazi."

"Hata jina lako tunaweza kuliweka, mahali pa shukrani."

"Nalikupa wewe," alisema Bi Umulkheir. "Mtu mmoya. Nalikuwa eda, Patroba, hata nduu yangu wa kiume alikuwa asimama nde ya mlango akinijulia hali. Wewe nalikufungulia chumba cha ndani. Nalikwambia usirudie."

Macho yalimlowa kijana, na Bi Umulkheir aliyaona, na ndipo alipolegea. Angekuwa mwingine angemfukuza. Lakini huyu alikuwa amechota maji ya msiba, na yeye hakuwa na mtoto mwingine wa kumsamehe. Alimtaka jambo moja tu: aitoe sauti yake, yote, aanze na ile ya eda. Patroba akaweka mkono kifuani, palepale pa zamani, akaapa ataitoa. Kabla hajaondoka Bi Umulkheir alimpa mkate wa sinia kwenye sahani yake ya maua ya buluu, akaufunika kawa. Hakuwa na haja ya kumpa chakula. Alitaka awe na sababu ya kurudi.

Baada ya wiki mbili simu ililia. "Nimeshaitoa, mama. Haijabaki hata rekodi moja yako." Bi Umulkheir alimwuliza Edah, naye akathibitisha kwamba masomo yote yamefungwa, yameandikwa yanatengenezwa upya. Akasali rakaa mbili za shukrani. Presha ikashuka, usingizi ukarudi, akaanza kusema mbele ya Bi Rania kwamba kijana aliteleza tu, ulimwengu wa kazi una mitihani yake, na akija na sahani atampikia samaki wa kupaka. Kila Alasiri alikuwa akisikiliza kichochoro.

Hodi ilikuja asubuhi ya Jumamosi, na aliyebisha ni Edah. Mkononi alikuwa na sahani ya maua ya buluu, imefunikwa kawa.

"Patroba amehamishiwa Nairobi, mama. Ameondoka na ndege ya jana. Ameniomba nikurudishie, na anakusalimia sana."

Hakuja kuaga. Jambo hilo lilimchoma. Lakini alipoinua kawa alikuta ndimu nne, zimeoshwa, na kando yake kikonyo cha asumini. Bi Umulkheir alisimama nayo mkononi.

"Rania!" alimwita avuke kichochoro. "Rania, ndoo utizame! Mwanangu hakusahau!"

Akamkaribisha Edah kiwandani, akamtilia chai, akamsogezea mahamri. Moyoni alikuwa ameshamsamehe Patroba, wala si nusunusu. Alikuwa amepanga kumpigia simu baada ya Adhuhuri amwambie sahani imefika na ale vizuri huko Nairobi.

"Na wewe mama umetufanyia mambo," Edah alisema huku akipuliza chai. "Mbona hukuniambia umerekodi masomo mapya?"

"Mimi?"

"Si haya?" Edah akaitoa tableti, akasita kidogo akikumbuka zahanati, kisha akaona mama hana kinyongo, akaiwasha.

"Karibu, Edah, mwanangu," alisema Bi Umulkheir ndani ya tableti. "Yana hukuya. Nalikungoya."

Bi Rania, aliyekuwa ameingia akifuta mikono, alimtazama jirani yake mdomo, kisha akaitazama tableti. Bi Umulkheir hakuwa amefungua mdomo. Na maneno hayo hakuwahi kuyasema, si kwenye simu, si kwenye kinasa. Edah hakuwa amekutana naye kabla ya zahanati. Jana hakuwa akimngoja.

Edah akayasoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya kioo, akayasoma tena, na uso wake ukabadilika. Akaeleza taratibu. Rekodi zimetolewa kweli, hakuna hata moja. Lakini kabla ya kutolewa, kompyuta ilikuwa imesikilizishwa zote mpaka ikaijua sauti, na sasa inasema yenyewe, lolote, kwa mtu yeyote, kwa jina lake. Patroba hakusema uongo. Alisema haijabaki hata rekodi moja, na kweli haijabaki.

"Na kila mtu humwita mwanangu?"

"Kila mtu, mama." Edah aliinama. "Mimi mama yangu alikufa nikiwa fomu tatu. Hakuna mtu alikuwa ananiita hivyo tena. Sasa naisikia kila asubuhi kabla ya kuingia kazini."

Angemwambia nini? Angemwambia aizime? Bi Umulkheir aliona uchungu wa aina ambayo hakuwa na jina lake katika Kiswahili cha Amu wala cha kwingine. Ameibiwa, na kitu chenyewe kinamfaa mwizi, kinamfaa muuguzi, kinamfaa bibi wa Pate, kinawafaa watu elfu tatu, na hakuna mahali pa kukidai.

"Yaulizika?" alisema.

"Ndiyo. Uliza chochote."

Bi Umulkheir aliisogelea tableti, akasema kwa sauti yake aliyozaliwa nayo, "Amana ni nini?"

"Amana, mwanangu," sauti yake ilimjibu, "ni kitu cha mtu ulichopewa ukiweke, mpaka mwenyewe aye akitake. Si chako hata kikikaa kwako miaka. Kwa mfano: tulikwenda Pate harusini, tukampa kijana wetu funguo za nyumba. Haya, rudia."

Jibu lilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe asingelitoa vizuri zaidi. Edah aliizima bila kurudia, na wote watatu wakasikia bomba la jikoni ambalo mpaka leo halijatengenezwa.

Bi Umulkheir aliivuta sahani karibu, akaokota ndimu moja, akaibana kiganjani.

"Lakini sahani hakuiregesha tupu," alimwambia Bi Rania. "Hilo nalimfunda, na hilo amelishika. Si kwamba hakusikia kitu."

Bi Rania akasema ni kweli, na ndimu zenyewe ni nzuri.

Edah aliweka kikombe chini. Alionekana kama mtu anayetafuta namna ya kunyamaza na hakuipata.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Hizo ndimu ni zangu. Na asumini nimechuma kwa landlady wangu. Patroba alinipa sahani tupu, ameifunga kwa gazeti. Nikamwuliza, sasa naipeleka hivi? Akasema haina shida, mama ataelewa. Mimi nikaona aibu. Somo la tatu linasema sahani hairudi tupu." Akamtazama kwa upendo wa kweli. "Si wewe ndiye ulinifundisha?"

Bi Umulkheir hakuwahi kumfundisha Edah hata neno moja.